Nani Alicheka kwenye Bwana Nguzo?

Hebu niambie wewe: ukiwa unatazama filamu, ukasikia mwanamke anacheka, na kwenye picha hayumo mwanamke wala kivuli chake, utasema anayecheka ni nani?

Watu wa mtaa ule walijiuliza hivyo siku nyingi, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Aliyejua ukweli alikuwa mtu mmoja tu, na huyo hakuna aliyemuuliza. Kazi yake ilikuwa kufasiri filamu, na watu walimwita Mkalimani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, wale wanaoruka juu ya maghorofa wamevaa nguo za kubana, huja zikizungumza lugha ya huko zilikotoka. Wengi mtaani hawakuijua lugha hiyo, na kusoma maandishi ya chini ya picha huku shujaa na adui yake wanarushiana magari ni kujitafutia kizunguzungu. Basi Mkalimani alikaa mbele ya kompyuta, akavaa visikizio, akaiachia filamu iende, na yeye akawa anaisemea juu kwa juu kwa lugha ya watu wake. Sauti zote alikuwa yeye. Shujaa yeye, mwovu yeye, mchumba yeye, mtoto aliyetekwa yeye, na mbwa wa kwenye filamu akibweka kivivu, Mkalimani alimsaidia kubweka. Ikiisha aliipeleka kwa Shangazi, mwenye ukumbi wa filamu pale jirani na karakana za mabati, na Shangazi akawaonyesha watu.

Chumba chake cha kazi kilikuwa stoo zamani. Ukutani alitundika mablanketi yaliyochoka ili yameze mwangwi. Darini alibandika trei za mayai. Kipaza sauti alikifunga kwa mpira kwenye mpini wa mwiko, na mwiko akausimamisha ndani ya kopo la rangi lililojaa mchanga. Viti vilikuwa viwili. Kimoja chake, na cha nyuma, chenye mto wa kitambaa cha maua, kilikuwa cha mkewe.

Mkewe alipenda kukaa humo kwa sababu ndicho chumba kilichokuwa na utulivu kuliko vyote. Alimenya viazi humo, akachambua mchele humo, akashona vifungo. Mwanzoni mume alimwekea masharti.

"Mama watoto, nikiwa kazini pumua polepole."

"Hata pumzi unanipangia?"

"Kipaza sauti kinashika kila kitu."

"Basi kishike na njaa yako, maana nikitoka humu hakuna wa kumenya hivi."

Alijitahidi kunyamaza, maskini, ila tatizo halikuwa lake. Mkalimani hakuwa na desturi ya kuandika atakachosema. Alisema linalomjia. Sasa ikaja filamu ya shujaa mmoja ambaye kipaji chake ni kuzuia vitu visianguke. Kule kwao ana jina refu la kuuma ulimi. Mkalimani akambatiza Bwana Nguzo. Katika sehemu ya kwanza Bwana Nguzo amebeba daraja zima mabegani, juu ya daraja kuna basi limejaa abiria, mishipa ya shingo imemtoka. Kwa lugha ya kwao alikuwa anasema maneno mazito kuhusu wajibu wa mtu kwa jamii. Mkalimani akamsemea: "Jamani, mama wa kiti cha nyuma, hilo begi lako umepakia nini? Matofali?"

Nyuma yake kisu kikaanguka ndani ya beseni. Kisha akasikia kicheko. Kilianza kama kikohozi kilichozuiwa, kikatafuta njia ya puani, kikaikosa, halafu kikamwagika chote. Mkalimani akasimamisha filamu, akamkazia macho mkewe, akarudia kipande kile. Lakini mara ya pili mke alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa nguo, na maneno yaleyale yakatoka yamepoa kama chai iliyosahaulika mezani. Akaifuta ya pili, akaiacha ya kwanza, na kicheko ndani yake.

Tangu siku hiyo hakumwambia tena anyamaze. Na ukweli ni kwamba alianza kukiwinda kile kicheko. Alisema maneno kwenye kipaza sauti huku sikio moja liko nyuma. Sehemu ya kwanza ikatoka hivyo, ya pili ikatoka hivyo, na ukumbini kwa Shangazi watu walicheka pamoja na yule mwanamke asiyeonekana, wakidhani amekuja na filamu kutoka huko huko ilikotengenezwa.

Kisha binti yao, aliyekuwa anaishi mbali, safari ya kulala njiani, akajifungua mapacha. Mama akafunga mzigo.

"Nakwenda mpaka shingo zao zikaze," alisema.

Shingo zikakaza. Akasema angoje wakae. Wakakaa. Wakatambaa, wakaota meno, wakasimama kwa kushika kochi. Kila hatua mama alipiga simu.

"Wameshasimama, mzee. Naona sasa…" Hapo alinyamaza kidogo, kama mtu aliyeacha mlango wazi na kusubiri aone kama kuna atakayeingia.

Mkalimani akakohoa, akasema, "Kaeni tu. Mimi sijambo. Huku kila kitu shwari."

Alisema hivyo kwa sauti nene, ile ya mtu aliyebeba daraja. Moyoni alijiambia kwamba binti anafanya kazi, watoto ni wawili, na mume anayemwita bibi arudi awaache wajukuu kwa sababu tu nyumba imekuwa kimya ni mume wa namna gani? Kwa hiyo kila aliposikia "naona sasa," yeye alijibu "kaeni tu," na simu ikakatika, naye akabaki ameishika kana kwamba kuna kitu kimesahaulika ndani.

Kimya cha nyumba ile kilikuwa na tabia zake. Asubuhi alichemsha chai ya watu wawili, akamimina ya pili kwenye sinki. Kiti cha nyuma alikirundikia nguo chafu ili kisionekane kitupu, halafu akaona aibu, akaziondoa. Zamani dukani alikwenda mkewe. Sasa alilazimika kwenda mwenyewe, na kwa kuwa alijua akifungua mdomo tu watamtambua na kumwomba abweke kama mbwa wa kwenye filamu, alijizoeza kuonyesha kwa kidole. Sabuni, kidole. Mkate, kidole. Kwa kinyozi alionyesha picha ukutani, akanyolewa, akaenda zake. Mchana kutwa alikuwa watu kumi chumbani mwake, na jioni hakuna hata mmoja wao aliyekaa naye mezani.

Ndipo ikaja sehemu ya tatu ya Bwana Nguzo.

Alianza vizuri. Alipofika pale mnara wa saa unapoinama na Bwana Nguzo anaukimbilia kuukinga kwa mgongo, utani ukamjia wenyewe, na ulikuwa mzuri. Akausema. Nyuma yake hakukuwa na kitu. Alisikia jokofu jikoni likinguruma, likatikisika, likazima. Akairudisha filamu nyuma, akaufuta ule utani, akasema yale yale aliyoyasema shujaa kwa lugha yake: "Ondokeni. Nitabeba peke yangu."

Akaendelea hivyo mpaka mwisho. Hakuongeza neno, na mbwa naye alimwacha abweke mwenyewe.

Haikupita wiki Shangazi akampigia.

"Mdogo wangu, umewafanyia nini watu wangu?"

"Nimefanyaje?"

"Wanagombana! Wengine wanasema filamu imeharibika, wengine wanasema sasa ndiyo imekuwa filamu. Benchi langu moja limeshavunjika mguu. Njoo Jumamosi mchana ukae nyuma usikie kwa masikio yako, maana mimi nimechoka kuamua ugomvi wa watu wazima kuhusu mtu aliyevaa soksi mpaka kiunoni."

Mkalimani hakuwa na hamu, lakini Jumamosi ilikuwa ndefu kama Jumamosi zake zote za siku hizo. Akaenda. Ukumbi ulikuwa chumba kirefu cha matofali, madirisha yamezibwa kwa maboksi, mabenchi yamepangwa kama darasani. Akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Hakuna aliyemgeukia. Filamu ikaonyeshwa, na kwa mara ya kwanza akaisikia sauti yake mwenyewe ikijaza chumba cha watu. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

Taa zilipowashwa hakuna aliyenyanyuka. Pale ilikuwa hivyo: filamu ikiisha ndipo yenyewe inaanza. Upande wa kulia walikaa wapenda utani, na mkubwa wao alikuwa Kinyozi, yule yule anayemnyoa Mkalimani, mtu mwembamba asiyeweza kuongea bila kuchezesha mikono kama ameshika mkasi. Kushoto walikaa wapenda uzito, wakiongozwa na Fundi Saa, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye husubiri wengine wamalize kabla ya kufungua kinywa.

"Tumeibiwa," alianza Kinyozi. "Huyu si Bwana Nguzo. Huyu ni mdogo wake aliyefeli mtihani. Mnara unaanguka, yeye amenuna. Jengo linaanguka, amenuna. Anaokoa mtoto, mtoto analia kwa sababu ya ule uso!"

Kulia wakacheka. Fundi Saa akasubiri.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza, lakini sema."

"Watu wamo ndani ya mnara. Wanakufa. Wewe unataka awatanie?"

"Ndiyo! Mtu akiweza kunitania amebeba mnara, najua mnara haujamshinda. Akinuna, mimi naanza kutafuta mlango."

"Hayo ni mambo ya watoto. Zile mbili za kwanza nilizitazama kama mtu anavyokula karanga. Hii ya tatu nimetoka nayo mpaka nyumbani, nimeshindwa kulala. Mtu mwenye nguvu kama yule ana mzigo ambao hawezi kumwambia mtu. Ndio ushujaa huo. Anabeba, anafunga mdomo."

"Kwani mdomo ukifunguka mnara unaongezeka kilo?"

Benchi zima likapiga makofi. Hata wa kushoto wawili watatu walicheka kwa kujificha.

"Nyinyi mnatazama kwa macho tu," Fundi Saa alisema, hakupandisha sauti. "Mimi natazama na masikio. Niwaulize. Kwenye ya kwanza na ya pili, kuna mwanamke anacheka. Yuko wapi kwenye hii?"

Kwenye benchi la nyuma Mkalimani akashika magoti yake.

"Yule ni jirani wa ghorofa ya juu," alisema Kinyozi. "Anachungulia dirishani. Nilishasema."

"Jirani gani anamfuata mtu mpaka baharini? Alicheka kwenye meli. Alicheka chini ya handaki. Nimekaa nimefikiri sana jambo hili, nikifungua saa za watu. Yule ni mama yake Bwana Nguzo. Humwoni, lakini yupo naye kila mahali, anamtazama mwanawe, anafurahi. Ndiyo maana mwanawe alikuwa anatania. Alikuwa anamtania mama yake, si sisi." Akavua miwani, akaipangusa kwenye shati. "Halafu sehemu ya tatu, kimya. Hakuna anayecheka, na yeye hatanii tena hata mara moja. Waliotengeneza filamu wamefanya makusudi. Hawakutaka kutuambia kwa maneno, wametuachia tugundue wenyewe. Yule mwanamke amekufa."

Watu wakasema "aah." Wengine wa upande wa kulia walivua kofia. Kinyozi mwenyewe alishusha mikono, akasema polepole, "Sikuliona hilo. Amekufa kweli."

"Hajafa!"

Sauti ilitoka nyuma. Hata Mkalimani hakujua kwamba amesimama mpaka alipoona nyuso zote zimemgeukia. Na nyuso zile zilikuwa na mshangao wa aina yake, maana sauti iliyosema ilikuwa imetoka sasa hivi kwenye spika.

"Ni Bwana Nguzo!" alisema mmoja.

"Ni yule mwovu!"

"Ni yule bibi wa hospitali!"

"Ni mbwa!"

Kinyozi akasogea karibu, akamtazama kichwani kwanza, kama kinyozi, kisha usoni. "Mzee! Wewe si nakunyoa kila mwezi? Mimi nilijua wewe ni bubu. Nimekuwa nikikuombea!"

Walicheka mpaka benchi lenye mguu mbovu likalala chini. Mkalimani hakucheka. Fundi Saa pia hakucheka.

"Unasema hajafa," alimwambia. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mke wangu. Hayumo kwenye filamu. Alikuwa anakaa nyuma yangu nikifasiri. Nikisema upuuzi anacheka, kipaza sauti kinamshika. Ni hayo tu. Hakuna aliyefanya makusudi."

Fundi Saa akairudisha miwani taratibu.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nimemuua shemeji yetu mbele ya watu."

"Hukujua."

"Yuko wapi sasa?" aliuliza Kinyozi.

"Kwa binti yetu. Analea wajukuu."

"Anarudi lini?"

"Sijui."

"Umemwambia arudi?"

"Wajukuu ni wawili, na binti anafanya kazi…"

"Mimi sijauliza habari za wajukuu, mzee. Nimeuliza kama umemwambia."

Mkalimani akatazama upande wa Fundi Saa, kama mtu anayeomba msaada kwa shahidi wake. Si huyu ndiye aliyesema muda huu kwamba ushujaa ni kubeba na kufunga mdomo? Fundi Saa akaona jinsi anavyotazamwa, akajikuna shingo.

"Usiniangalie mimi," alisema. "Mimi nilikuwa nazungumzia filamu. Nyumbani kwangu nikiumwa jino, mpaka mtaa wa pili wanajua."

Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza yote, akasogea pembeni, akamwachia nafasi ya kupita.

Nje jua lilikuwa bado kali. Karakanani walikuwa wanagonga mabati, na Mkalimani alizunguka nyuma ya ukumbi, penye kivuli chembamba cha ukuta, ili aweze kusikia. Akabonyeza namba. Iliita kwa muda mrefu. Akawa anaomba moyoni isipokelewe, na papo hapo akiomba ipokelewe.

"Haloo? Mzee? Kuna nini, mbona mchana?"

"Hakuna kitu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Hizo kelele za nini? Uko wapi?"

"Kwa Shangazi. Nimekuja kutazama filamu."

"Wewe? Ukumbini? Unaumwa?"

"Siumwi. Wajukuu wako wapi, mbona siwasikii?"

"Wametoka na mama yao. Siku za kazi wanashinda kwa mlezi, yule mama wa nyumba ya nne, wamemzoea mpaka wanalia mimi nikiwachukua. Si nilikuambia?"

"Hukuniambia."

"Nilianza kukuambia. Nilisema, naona sasa… ukasema kaeni tu."

Mabati yakagongwa. Mkalimani akaziba sikio la pili kwa kidole.

"Sasa wewe mchana unafanya nini?"

"Nafanya nini! Nafagia palipofagiwa. Nakaa dirishani, natazama magari ya watu. Jioni wanarudi wamechoka, wanakula, wanalala." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesoma bei za sokoni. "Siwalaumu, wananipenda. Lakini nawe kila siku unasema shwari, unasema sijambo. Nikajiambia, huyu ameshazoea peke yake. Nikirudi nitakuwa namkoholea tu kwenye kazi yake."

Mkalimani akafungua mdomo, na lililokuwa tayari kutoka ni lile lile la "kaeni tu", kwa sauti ile ile nene. Aliligundua likiwa limefika kwenye meno. Akalimeza. Baada ya hapo hakupata lingine, akabaki anapumua kwenye simu.

"Mzee? Upo?"

"Nipo."

"Umepiga kuniambia nini?"

"Nilitaka…" Akajaribu utani, wa mama wa kiti cha nyuma na begi lake, ukamfia katikati. Akaegemea ukuta. "Ile sijambo haikuwa kweli, mama watoto. Muda wote huo hali haikuwa shwari."

"Nini? Sikusikii, hayo mabati. Unataka nini? Sema kwa nguvu!"

Basi akasema kwa nguvu, mpaka karakanani nyundo zikasimama na ndani ya ukumbi mabenchi yakanyamaza:

"Nataka urudi nyumbani!"